Mtu Aliyekufa Katikati ya Habari za Unga

Nianze kwa kusema wazi kwamba simpendi mwandishi anayeeleza mapazia. Mwaka ule, mvua zilipoanza baada ya kiangazi, nilisoma riwaya nne za Kifaransa, na katika tatu kati ya hizo nilikutana na mapazia: ya kijani, ya hariri, yenye pindo, yanayopepea kurasa mbili nzima huku watu wenye shida zao wamesimama nyuma yake wakingoja mwandishi amalize. Mimi nilikuwa nafanya kazi stoo ya mashuka katika hoteli moja ya ufukweni hapa Gisenyi. Mapazia nilikuwa nayakunja tangu asubuhi, na sikutaka kuyakuta tena kitabuni.

Vitabu vyenyewe vilitoka hotelini humo humo. Wakati wa kiangazi Wazungu walikuja kupumzika kando ya ziwa, wengine kutoka Bukavu, wengine Stanleyville, wengine mbali zaidi. Walisoma wamejilaza kwenye viti vya turubai, na walipoondoka waliacha riwaya zao chini ya mito na juu ya madirisha. Kitabu kisichodaiwa kilikuwa cha anayekitaka, na aliyekitaka nilikuwa mimi peke yangu. Wenzangu walidhani nawauzia wauza karanga karatasi za kufungia. Kifaransa nilikipata shule ya mapadri, ambako marehemu baba alinipeleka baada ya kugombana na nusu ya mtaa. Sisi watu wa mtaa wa Waswahili tuliogopa kwamba mtoto akiingia pale atatoka na jina jingine. Mimi nilitoka na jina langu lile lile, na Kifaransa juu yake.

Nyumbani sikusoma peke yangu. Baada ya swala ya alasiri mama na majirani walikaa uani kuchambua maharage waliyonunua kwa wanawake wa Rugerero, nami nilikaa kizingitini na kitabu changu, nikikigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi. Kazi ya kwanza niliyojifunza ilikuwa salamu. Watu wa riwaya zile huingia nyumba za wenzao bila hodi, wakaanza kusema yao. Mara ya kwanza nilisoma hivyo hivyo, na jirani mmoja akauliza huyu mtu amelelewa wapi. Toka siku hiyo nikawa naongeza: akabisha hodi, akakaribishwa, akaulizwa habari za wazee, akapewa kiti. Hata muuaji nilimbishisha hodi. Riwaya zilirefuka, lakini wasikilizaji wangu wakaacha kuwachukia watu wake kwa kosa ambalo mwandishi hakukusudia.

Riwaya ya kwanza ilihusu ndugu watatu waliogombania shamba la mizabibu la baba yao. Mwandishi wake alijua kuandika, sikatai, ila alikuwa mchoyo wa huruma. Katika kitabu kizima hakuna hata ndugu mmoja aliyemsalimia mama yao, naye alikuwa hai, anakaa chumba cha juu. Mama yangu alingoja siku kadhaa yule mama ashuke aseme neno. Hakushuka. Nilipofunga kitabu mama alisema shamba lote hilo lichomwe moto, akaenda kutia udhu.

Ya pili ilikuwa ya upelelezi. Mpelelezi alitumia kitabu kizima, na nauli nyingi za treni, kumtafuta mtu aliyemuua tajiri mmoja. Mama alimpata tangu mwanzo.

"Ni ule hakufika ku mazishi," alisema, bila kuinua macho kwenye ungo.

Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba huko Ulaya watu wana kazi zao, na mtu anaweza kukosa mazishi bila kuwa muuaji. Basi ikawa ni yeye yule. Toka hapo sijapata kuiamini riwaya ya upelelezi, na nikiikuta mpaka leo humtafuta kwanza asiyefika mazishini.

Ya tatu ilikuwa ya mapenzi, na mapazia yake yalikuwa mengi kuliko ya hoteli. Kulikuwa na sura nzima ambamo kijana na msichana wanasemezana kwenye mvua. Mimi nilitaka kuiruka sura ile, wanawake wakakataa katakata. Aliyecheka kuliko wote alikuwa dada yangu mkubwa, ambaye sote tulimwita Yaya, kama wakubwa wanavyoitwa huku kwetu. Alisema wale wameshiba, mwenye njaa hakai kwenye mvua kuulizwa kama anapendwa. Kisha akaniambia nirudie pale ambapo kijana anamfunika msichana koti. Nikarudia. Alisikiliza akiwa amekunja midomo, maharage yametulia mkononi.

Sasa nimseme Yaya, kwa sababu bila yeye riwaya ya nne ingekuwa riwaya tu.

Yaya alikuwa amerudi kukaa kwa mama. Hakuwa ameachwa, wala hakuwa mjane. Mumewe alikuwa dereva. Alichukua lori la mfanyabiashara mmoja kwenda Stanleyville, na lori likarudi na dereva mwingine, aliyesema kwamba amemwacha mzima, amepata kazi kwenye kambi ya wapasua mbao kule mbele, mto unakoteremkia, naye atatuma habari. Hakutuma. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Yaya alikuwa akikaanga sambusa na kuwauzia watu wa malori karibu na njia ya kwenda Goma, na kila dereva aliyenunua sambusa aliulizwa. Wengine walimwambia wamemsikia mtu wa namna hiyo huku, wengine kule. Nadhani baadhi yao walisema hivyo kwa kuona haya kuondoka na sambusa za moto bila kumwachia chochote.

Mwalimu wa msikiti wetu, aliyesomea Ujiji, alimwambia kwamba mke wa mtu asiyejulikana alipo ni mke wa mtu. Asubiri mpaka habari ipatikane, au ipite miaka aliyoisoma yeye katika kitabu chake, miaka ambayo kwa mwanamke wa umri wa Yaya ilikuwa ndio ujana wote uliobaki. Na kulikuwa na fundi cherehani, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, ambaye alikwisha kumwambia mama kwamba yuko tayari kungoja. Yaya alimpenda. Alilijua hilo, na sisi tulilijua, na fundi alilijua, ndiyo maana alipita mbele ya nyumba yetu kwa haraka kama mtu aliyeitwa.

Lakini jambo lililomla Yaya halikuwa fundi. Lilikuwa kwamba hakuwa na ruhusa ya kulia. Kumlilia mtu ambaye huenda yu hai ni uchuro, ni kumwitia mauti. Basi akicheka, watu walisema hamjali mumewe, na macho yake yakilowa, mama alimwambia afute haraka, asimzike mtu aliye hai. Nilimwona akikata vitunguu vya sambusa vingi kuliko vilivyohitajika. Sikuwahi kumwambia kwamba naona.

Riwaya ya nne niliiokota chini ya kitanda cha mgeni aliyeondoka na homa. Jalada lilikuwa limetoka. Ilihusu mwanamke mwenye duka la mikate katika mji mdogo wa milimani, mahali pa baridi, na mumewe, mwashi, aliyevuka mpaka kwenda kujenga ukuta wa kuzuia mto katika nchi nyingine. Mwanzoni barua zinakuja, kisha zinakoma. Mwandishi hakueleza pazia hata moja. Alieleza tanuri, kuni, mikono ya yule mwanamke yenye unga mpaka kwenye viwiko, na kiti cha mume ambacho hakuna mteja aliyeruhusiwa kukikalia. Nilipofika kwenye kiti nilimtazama Yaya nikafikiri nisimamishe, niseme kitabu hiki hakina maana, tutafute kingine. Yeye akasema niendelee.

Tukaendelea siku nyingi. Majirani waliongezeka. Kulikuwa na wanawake wawili wa wavuvi, Wakristo, ambao walikuja kumuuzia mama samaki wakabaki, na kesho yake wakaja bila samaki. Wote walikuwa upande wa mwanamke wa mikate. Walijua bei ya unga wake, walimchukia muuza unga aliyemlaghai, na yule mwanamke alipougua kifua mama alisema angepewa tangawizi.

Ndipo tukafika kwenye sura ya unga. Naikumbuka kwa sababu ilianza vizuri, kwa kichekesho. Muuza unga ameleta magunia yenye wadudu, na mwanamke amesimama mlangoni akimtukana mbele ya mtaa mzima, na watu wanacheka. Wasikilizaji wangu nao walikuwa wanacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka huku nikitafuta Kiswahili cha matusi yale, na sentensi iliyofuata niliigeuza kabla sijaielewa. Ilisema kwamba asubuhi ile ile, katika hospitali iliyo ng'ambo ya mpaka, mumewe alikufa, na muuguzi aliyemfumba macho alikuwa anawaza chakula chake cha mchana. Halafu aya mpya, na mwanamke anaendelea kuhesabu magunia.

Hakuna aliyecheka tena. Mama aliniambia nisome tena pale. Nikasoma tena. Nilidhani nimekosea, nikarudi juu, nikaanza kwenye matusi, nikashuka polepole, na yule mtu akafa tena mahali pale pale, katikati ya habari za unga.

"Bon," alisema jirani mmoja. "Sasa nani atapeleka habari kwa ule mwanamuke?"

Niliwaeleza kwamba ni kitabu. Nikawaeleza kwamba ndivyo waandishi wengine wanavyofanya: msomaji anajua, mtu wa ndani ya kitabu hajui, na utamu uko hapo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwovu. Kwetu habari ya msiba ni amana. Mtu akijua kwamba fulani amekufa, hali chakula kabla hajamfikishia mwenye msiba, hata ikiwa ni kupanda mlima usiku mpaka Kanama. Na mimi hapa nilikuwa nimekaa kizingitini, najua, na nasoma habari za magunia. Mmoja wa wake wa wavuvi aliniuliza kwa upole kama yule mwandishi alijua tangu mwanzo. Nikasema ndiyo, alijua. Akauliza ikiwa alinyamaza mwaka mzima akiwa anajua. Nikasema si habari ya kujua, mwandishi mwenyewe ndiye aliyemuua. Jibu lile nalo halikunisaidia.

Mama akaamuru nifungue mbele, nitafute ukurasa ambao wanamwambia. Siku hizo sikuwa na tabia ya kuruka kurasa isipokuwa za mapazia, lakini nilifungua. Nilipekua mpaka mwisho huku wote wananitazama vidole. Hawamwambii. Kitabu kinaisha yule mwanamke anafagia mbele ya duka, anafuta vumbi kwenye kile kiti, anaingia ndani kuwasha tanuri. Nikawaambia hivyo.

Aliyesema alikuwa Yaya, na alisema taratibu, akitazama maharage.

"Siye wote tunajua. Mama anajua, hawa majirani wanajua, ile muuguzi anajua. Ni yeye tu ndio hajuwe."

Nikamwambia ndiyo.

"Na ya kwangu?" akasema. "Iko mutu pahali fulani anajua, mudogo wangu. Iko mutu anajua na anakula chakula yake."

Kisha akalia. Hakulia kwa haya, alilia kwa sauti, kama mwenye msiba, amejishika kichwa. Mama alinyanyua mkono kumkataza kama siku zote, halafu mkono ukabaki hewani. Ingekuwa uchuro kama angemlilia mumewe. Lakini hakuwa amemtaja mumewe. Mtu aliyekufa mbele yetu alikuwa yule mwashi, na huyo hakuna aliyebisha kwamba amekufa. Jirani wa kwanza akasogeza ungo pembeni akakaa karibu na Yaya, akaanza kulia naye. Wakafuata wengine, hata wale wawili wa wavuvi. Mama akaingia jikoni, akatoka na sufuria kubwa ile ya shughuli, akainjika wali. Watu walipopita njiani na kusikia vilio waliingia wakasema poleni. Mama aliwajibu tumeshapoa. Hakuna aliyeuliza nani amefariki, maana kuuliza hivyo mbele ya wenye msiba si adabu.

Mimi nilibaki na kitabu mkononi, nimekasirika. Nilimkasirikia mwandishi. Nilifikiri, na mpaka sasa nafikiri, kwamba sentensi ile ni bora kuliko zote nilizosoma mwaka ule, na kwamba mtu aliyeiandika hakuwahi kungoja mtu. Au alingoja sana. Nimebadili mawazo mara nyingi juu ya hilo. Kuna siku namwona mkatili, anawanyang'anya watu mauti yao ili msomaji ashtuke. Kuna siku naona alisema ukweli mtupu, kwamba mauti hayaji katika sura ya kitabu iliyo yake peke yake. Huja wakati wewe unagombana na mtu juu ya wadudu wa unga. Waandishi wa mapazia hawajui hilo. Kwao mtu hafi mpaka upepo uvume na mshumaa uzimike.

Kesho yake mwalimu alikuja, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kwetu kuna matanga na hakuitwa kuosha maiti. Mama alimweleza yote bila kuficha. Alitaka pia asomewe yule mtu hitima, ndogo tu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema kwamba marehemu huyo kwanza hakuwa Mwislamu, na pili hakuzaliwa. Mama akasema hilo la pili analijua. Mwalimu akanitazama mimi kama mtu aliyeleta ugonjwa nyumbani. Lakini hakutukaripia, na wali uliobaki alikula.

Yaya alikuwa mwepesi siku zile. Alikaanga sambusa akiimba kwa chini. Kitabu alisema kitoke nyumbani, nami nikakirudisha hotelini nikakiacha juu ya dirisha la chumba kimoja, na baada ya wiki hakikuwepo. Sijui nani alikichukua. Mama alisema sasa nitafute kitabu ambacho watu wake wote wanabaki hai, nikamwambia hicho kitakuwa cha mapishi.

Maulidi yalipopita, wakaja watu wawili kutoka upande wa Goma. Walikuwa wafanyabiashara wa nguo, Waislamu wa mtoni kule chini, na hawakuja nyumbani kwetu moja kwa moja. Walikwenda kwa mwalimu, kama inavyotakiwa, na mwalimu akaja nao, akamwomba mama atandike mkeka. Nilipowaona wale watu wanavua viatu bila kuzungumza nilijua.

Mkubwa wao ndiye aliyesema. Alisema kwamba katika kambi ya mbao gogo lilimwangukia dereva mmoja mgeni, mtu wa Kivu kwa kusema kwake, na hakupona. Waislamu waliokuwa karibu walimchukua, wakamwosha, wakamswalia, wakamzika. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioosha. Alijua jina la mtu na jina la baba yake, lakini hawakujua mji, mpaka safari hii, ambapo dereva mmoja aliwasimulia juu ya mwanamke wa sambusa wa Gisenyi anayeuliza kila lori. Yaya aliuliza kitu kimoja tu, kwa kupitia mwalimu: mguu wake ulikuwaje. Yule mtu akagusa mguu wake wa kushoto, chini ya goti, akasema kulikuwa na kovu la kuungua, refu. Ndilo. Alilipata kwa bomba la lori kabla hawajaoana.

Mashahidi walikuwa wawili, kovu lilikuwa kovu. Mama akaanza kulia, na majirani, waliokwisha kujaa uani, wakaanza. Yaya hakulia. Alisimama, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa cheupe alichokuwa amekitunza sandukuni sijui toka lini. Akakaa chini mbele ya mwalimu, nguo imekunjwa mapajani, akamwomba amkalishe eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane.

Mwalimu akawauliza wale watu tena: mtu huyu alikufa lini. Wakatazamana, wakasema Shaabani, katikati ya mwezi, kabla ya mfungo. Mwalimu akahesabu kimya kimya kwa vidole, akavitazama vidole vyake kwa muda mrefu kuliko hesabu yenyewe. Nilimwona anatamani vimpe jibu jingine.

"Binti yangu," akasema, kwa Kiswahili chake cha Ujiji, "eda ya mwanamke huanza siku ya mauti. Haianzi siku ya habari. Yako ilianza Shaabani, ikaisha baada ya Idi ya kuchinja. Imekwisha. Huna eda ya kukaa."

Yaya akasema hakukaa.

Mwalimu akasema sheria inamhesabia kwamba amekaa. Alisema pia, kwa kutaka kumfariji, kwamba yuko huru, na kwamba wanawake wengi wangeshukuru kupunguziwa. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anasoma kilichoandikwa, kama mimi nilivyosoma.

Yaya alikuwa ameikunja ile nguo nyeupe ndogo zaidi, halafu ndogo zaidi, mpaka ikatosha kwenye kiganja. Wale watu wawili walikuwa wanakunywa chai kwa aibu. Kisha akanigeukia mimi, sio mama, sio mwalimu.

"We ndio unasomaka vitabu," akasema. "Shaabani katikati, mi nilikuwa nafanya nini?"

Nilijua. Sikuhitaji kufikiri hata kidogo. Katikati ya Shaabani ilikuwa harusi ya binti wa mama mdogo. Ndiyo desturi, watu huoza kabla ya mfungo. Mama ndiye aliyemlazimisha Yaya kwenda, kwa kusema kwamba mke wa mtu aliye safarini ni mke, ajipambe, asikae kama mjane. Naye akajipamba, akaongoza nyimbo siku mbili mpaka sauti ikakauka, na mimi nilikuwepo, nilimwona akicheza, na nilifurahi kwamba kwa siku mbili amesahau. Nikamjibu kwamba sikumbuki.

"Mi nakumbuka," akasema. "Nilipaka hina. Mpaka huku." Akajishika juu ya kifundo cha mkono, mahali ilipokuwa imefika.

Mama aliacha kulia. Hakuna mwanamke pale uani asiyejua kwamba mwenye eda hapaki hina, hajitii manukato, hatoki kwenda ngomani. Yaya alifanya yote hayo, na sheria ikasema amekaa eda yake salama. Jirani mmoja alimwambia kwamba hakujua, na asiyejua hana dhambi. Yaya akasema anajua hana dhambi. Alisema hiyo siyo aliyokuwa anauliza.

Hakulia siku ile, wala baadaye mbele yetu. Nilidhani atalia akiwa peke yake, lakini mama, aliyelala naye chumba kimoja, aliniambia hapana. Machozi aliyokuwa nayo alikwisha kumpa mwashi wa watu, mtu ambaye hakuzaliwa, na kwa mumewe hakikubaki kitu. Hayo ni maneno yangu, Yaya hakuyasema. Yeye alirudi kwenye sambusa zake, ila madereva hakuwauliza tena chochote, na wale wa zamani walipokea sambusa wakasimama kidogo, wakingoja swali.

Fundi alingoja mpaka maharage mapya yalipoingia sokoni, ndipo akatuma watu. Yaya alikubali. Siku moja kabla ya ndoa wanawake walikuja na nyimbo, na bakuli la hina iliyolowekwa tangu asubuhi, na limau, na vijiti. Wakatandika mkeka, wakamkalisha, wakamwomba mikono. Aliwashukuru mmoja mmoja, kwa majina yao, na mikono akaiweka chini ya kitenge. Waliimba kidogo wakadhani ni haya ya bibi arusi. Halafu mama akawatikisia kichwa, wakaelewa, wakanyamaza. Hina ilikuwa imekwisha kuchanganywa na isingefaa kesho, kwa hiyo wakajipaka wenyewe.